Je, wajua kwa nini konje (likizo) ya mwaka haidai sababu, lakini ya kilio inadai?

Barua nyingi za kuomba konje zinazopita kwenye ofisi za Lubumbashi huanza kwa kujieleza: mama anaumwa Likasi, mtoto anahamia shule Kolwezi, paa la nyumba linavuja na mvua zimekaribia. Kama konje inayoombwa ni ya mwaka, maneno hayo yote si ya lazima. Kode ya kazi ya Kongo, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa mwaka 2016, haimtaki mfanyakazi aeleze anakwenda wapi wala anakwenda kufanya nini.

Siku hizo amekwisha kuzifanyia kazi. Kila mwezi kamili wa utumishi unampa mtu aliyepita miaka 18 angalau siku moja ya kazi ya konje, na aliye chini ya umri huo siku moja na nusu. Kila miaka mitano kwa mwajiri yuleyule inaongeza siku moja. Mchomeleaji mwenye miaka 11 katika kampuni ana siku 12 za mwaka na 2 za ukongwe, jumla 14. Angalia hapa namna ya kuhesabu: siku ya kazi ni kila siku isipokuwa siku ya mapumziko ya juma na sikukuu za serikali. Kwa anayepumzika Jumapili, Jumamosi inaliwa pia, na siku 12 ni majuma mawili tu. Ni kidogo mno. Tanzania sheria inatoa siku 28 mfululizo, Kenya siku 21 za kazi. Mikataba ya pamoja, ile ya kampuni na wafanyakazi wake wote, mara nyingi inaongeza juu ya kiwango cha kode, kwa hiyo soma wa kwenu kabla ya kuhesabu.

Mwisho wa mwezi hakuna shefu anayeuliza mshahara utanunua nini. Konje ya mwaka ni sehemu ya malipo hayohayo, ndiyo maana mfanyakazi analipwa akiwa nyumbani sawa na anavyolipwa siku anapoondoka, na ndiyo maana hawezi hata kuikataa kisheria. Lililobaki la kujadiliwa ni tarehe, ambayo pande mbili zinapatana. Mwajiri anaweza kusema Desemba haiwezekani kwa sababu watu watatu wa zamu hiyo wamekwisha kuandikwa. Hapo yeye ndiye anayepaswa kueleza, kwa sababu yeye ndiye anayesogeza haki ya mwenzake.

Ofisi zinazodai sababu kwa konje ya mwaka zinajiharibia zenyewe. Wanapoomba watano na nafasi ni mbili, shefu anakuwa hakimu wa shida za watu: harusi ya huyu ni nzito kuliko ugonjwa wa mama wa yule? Anayejua kusimulia anapita, mnyamavu anabaki. Mwaka unaofuata wote wamejifunza kusimulia. Kalenda iliyobandikwa ukutani tangu Januari, pamoja na zamu ya kupokezana miezi inayogombewa, inamaliza tatizo bila kumchunguza mtu.

Konje za tukio ni jambo lingine kabisa. Hapa sababu ndiyo inayofungua mlango, na bila sababu siku hazipo. Kode inatoa siku 2 za kazi mfanyakazi anapofunga ndoa, siku 2 mke wake anapojifungua, siku 1 mtoto wake anapooa au kuolewa, siku 4 anapofiwa na mwenzi wa ndoa au ndugu wa daraja la kwanza, na siku 2 anapofiwa na ndugu wa daraja la pili. Hazikatwi kwenye konje ya mwaka. Ofisi inayozikata inakosea. Uthibitisho ni karatasi ya tukio: cheti cha ndoa cha komine (ofisi ya serikali ya mtaa), karatasi ya materniti, cheti cha kifo cha hospitali au ruhusa ya kuzika.

Ugumu wote uko kwenye daraja. Sheria inahesabu vizazi. Kutoka kwako kwenda kwa baba au mama ni hatua moja, na kushuka kwa mtoto wako ni hatua moja: daraja la kwanza. Kwenda kwa babu au bibi ni hatua mbili. Kwa kaka au dada unapanda kwa mzazi, hatua moja, halafu unashuka kwake, hatua ya pili: daraja la pili. Sasa mhesabu baba mdogo. Unapanda kwa baba, unapanda kwa babu, unashuka kwa baba mdogo: tatu. Daraja la tatu halimo kwenye orodha. Kwa mtu ambaye baba mdogo ndiye aliyemlea na kumlipia shule, ambaye nyumbani anamwita baba bila kuongeza neno, kode inatoa siku sifuri.

Ukwe unahesabiwa kwa njia hiyohiyo, na wengi hawalijui hili. Baba mkwe na mama mkwe wako daraja la kwanza: siku 4. Shemeji, yaani ndugu wa mke au mume wako, daraja la pili: siku 2. Mtu anapata siku mbili kwa shemeji aliyekutana naye mara chache, na hapati hata moja kwa mjomba.

Mwanya huu unazaa uongo unaojulikana kila ofisi. Mfanyakazi anaandika “baba amefariki”, na kwa lugha ya nyumbani hajadanganya. Miaka miwili baadaye baba mzazi anakufa kweli, ofisi inafungua faili na kumwambia baba yako tulikwisha kumlilia. Siku hiyo anapoteza siku 4 alizokuwa na haki nazo kabisa, na pengine anapewa barua ya onyo juu yake. Kwa mjomba au baba mdogo, andika ukweli, “mdogo wa baba yangu”, na uombe siku za konje ya mwaka zilizobaki au ruhusa bila malipo. Ni wazi kwamba sheria yenyewe ingepaswa kumtambua aliyemlea mtu. Mpaka itakapofanya hivyo, mkataba wa pamoja ndiyo mahali pa wajumbe wa sindika, yaani chama cha wafanyakazi, kudai siku hizo.

Kuna maandalizi yanayofanywa kabla ya msiba wowote. Fomu ya familia iliyoko kwenye faili yako huwa ina mke au mume na watoto tu. Peleka kwa maandishi majina kamili ya wazazi wako na ya wakwe, kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao. Cheti cha kifo kinapofika chenye jina ambalo ofisi haijawahi kuliona, na jina lako wewe ni tofauti kabisa na la baba yako kama ilivyo kwa Wakongo wengi, hapo ndipo maswali ya kuumiza yanapoanza, watu wakiwa wamekaa chini ya bashi (turubai) la kilio wanakusubiri.

Ugonjwa uko katikati. Mwajiri ana haki ya kujua kwamba huwezi kufanya kazi na mpaka lini. Jina la ugonjwa si lake. Sertifika inayotosha ina jina lako, tarehe ya kupimwa, idadi ya siku za kupumzika, sahihi na kashe (muhuri) ya muganga. Muganga wa kampuni naye amefungwa na siri ya kazi, ambayo kifungu cha 73 cha kode ya adhabu kinaadhibu kuivunja. Anachomwambia shefu ni kama unaweza kazi au huwezi. Makosa mengi hufanywa na wagonjwa wenyewe, wanaotuma picha ya karatasi ya laboratwari kwenye kikundi cha simu cha idara nzima ili waaminiwe. Wasifanye hivyo. Kwa UKIMWI kuna hata sheria ya pekee, namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008, inayokataza kumbagua mwenye virusi kazini. Unapoumwa, malipo yanashuka hadi theluthi mbili za mshahara.

Tabia ya kumwona asiyekuwepo kazini kama mkosaji ina mizizi mirefu katika mji huu. Amri ya kikoloni ya tarehe 16 Machi 1922 juu ya mikataba ya kazi iliruhusu mfanyakazi Mwafrika atozwe faini au afungwe kwa kuvunja mkataba au nidhamu ya kazi. Elisabethville ya migodi, jina la zamani la Lubumbashi, ilikua chini ya amri hiyo, na kutokuwepo kazini kulikuwa jambo la polisi. Amri imekwisha, namna ya kuuliza “ulikuwa wapi?” ilibaki katika ofisi nyingi.

Barua ya konje ya mwaka basi ni fupi: jina, namba ya kazi, idara, “naomba konje yangu ya mwaka”, siku ngapi, kuanzia lini, kurudi lini, na nani atashika kazi yako. Toa kopi mbili, moja irudi kwako na tarehe, sahihi na kashe ya mapokezi. Usiondoke kwa jibu la mdomo, kwa sababu likikanushwa unahesabika umetoroka kazi. Wakikataa bila kupendekeza tarehe nyingine, mpelekee kopi mjumbe wa sindika, kisha Inspeksheni ya Kazi. Lazima mpatanishwe hapo kwanza; tribinali ya kazi haipokei kesi ambayo haijapita kwa inspekta.