Kuvuta Mbele au Kusukuma Nyuma: Uliza Kwanza Mzigo Unakaa Wapi

Juzi kati, siku za bamvua, maji yamekupwa mpaka daraja la feri limelala chini kabisa, mteja wangu mmoja wa Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa, alinipigia simu. Alikuwa anatoka soko la Kongowea na vitunguu na viazi, gari limejaa hadi dirisha la nyuma. Alishuka kwenye feri vizuri, akaanza kupanda mteremko, gari likagoma. Injini inanguruma, gari haliendi. Vijana wakamsukuma hadi kando ya barabara.

"Fundi wangu, giaboksi imekufa," akaniambia.

Nilipofika nikamwomba atie gia, nikainama kutazama magurudumu. Ya mbele yalikuwa yanazunguka pale pale juu ya saruji iliyolowa. Nikamwambia, "Mama, giaboksi ni nzima. Hebu tuhamishe mifuko." Tukatoa mifuko ya vitunguu nyuma kabisa, tukaipanga kwenye kiti cha mbele na miguuni pake. Gari likapanda.

Akaniuliza swali ambalo huulizwa karibu kila wiki: "Kwa hivyo niliuziwa gari baya? Ningenunua la kusukuma nyuma?" Gari lake ni la kuvuta mbele, yaani injini inazungusha magurudumu ya mbele; la kusukuma nyuma huzungusha ya nyuma. Jibu nililompa pale kando ya barabara lilikuwa fupi mno, na nimeona si haki. Nalieleza hapa kwa kirefu.

Gurudumu linavuta kwa sababu moja tu: limekandamizwa chini. Uzito ulio juu yake ndio unaolifanya lishike barabara. Sasa chukua gari dogo la kuvuta mbele lenye kilo 1,000. Injini, giaboksi na shafti vyote viko mbele, kwa hiyo kwa kawaida kilo kama 600 hukaa juu ya magurudumu ya mbele na 400 nyuma. Ukiwa peke yako, asilimia 60 ya uzito iko juu ya magurudumu yanayofanya kazi. Hali nzuri sana hiyo. Pakia kilo 300 za viazi juu ya ekseli ya nyuma. Mbele bado kuna kilo 600, lakini gari sasa ni kilo 1,300. Magurudumu yanayovuta yamebaki na asilimia 46. Ukiweka mifuko nyuma zaidi ya ekseli, mzigo unakuwa kama mtoto aliyekaa ncha ya pembea: unainua upande wa pili. Halafu panda mlima, na uzito mwingine unarudi nyuma. Hapo ndipo mama yule alipofikia.

Geuza hesabu hiyo. Gari la kusukuma nyuma lenye uzito ule ule huwa na kilo kama 550 mbele na 450 nyuma. Likiwa tupu, magurudumu yanayosukuma yana asilimia 45 tu, na ndiyo maana pikapu tupu huteleza mkia kwenye udongo mwekundu wa Kwale mvua ikinyesha. Pakia zile kilo 300. Nyuma panakuwa na 750, yaani asilimia 58. Kadiri unavyolibebesha ndivyo linavyoshika. Tazama matatu za Hiace, TownAce za mizigo, pikapu, malori: yote yanasukuma nyuma, na sababu ndiyo hii.

Kwa nini basi karibu magari yote madogo yamehamia mbele? Nafasi. Ukiilaza injini kwa upana na kuiweka giaboksi ubavuni pake, huhitaji propela, ile shafti ndefu, kupita chini ya sakafu hadi kwenye difu inayogawia magurudumu ya nyuma nguvu. Sakafu inakuwa tambarare, abiria wa katikati anapata pa kuweka miguu, gari linakuwa jepesi na linakula mafuta kidogo. Citroën waliuza gari la kuvuta mbele kwa wingi tangu 1934, lakini aliyewafungua wengine macho ni Alec Issigonis, mwaka 1959, alipobuni Mini na kuilaza injini kwa upana. Corolla ya familia ikafuata mtindo huo mwaka 1983. Wazee wetu waliozoea Peugeot 504, gari la kusukuma nyuma lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, wengi hawajayaamini ya kuvuta mbele hadi leo. Nawaelewa. Barabara walizopita na mizigo waliyobeba vilihitaji gari la aina ile.

Ugumu wa kuvuta mbele ulikuwa kwenye kiungo. Gurudumu la mbele lazima lipokee nguvu na wakati huo huo likate kona. Krosi, kiungo cha kawaida cha propela, ikikunjwa sana, haizungushi sawasawa: inaharakisha kidogo, inapunguza kidogo, kila mzunguko, na usukani ungetetema mikononi. Alfred Rzeppa, mhandisi wa miaka ya 1920, ndiye aliyebuni kiungo chenye gololi sita ndani ya mifereji iliyopinda, kinachozunguka kwa kasi moja hata kikiwa kimekunjwa. Gereji tunakiita jointi ya sivi. Nakipenda kifaa hiki kuliko karibu kila kitu kilicho chini ya gari, na kinaniuma jinsi kinavyoachwa kufa hapa kwetu.

Sivi haifi yenyewe. Unaokufa kwanza ni mpira unaoifunika. Joto letu linaukausha, unapasuka mikunjoni, grisi nyeusi inarushwa ndani ya rimu, na mahali pake unaingia mchanga na unyevu wa chumvi. Baada ya hapo gololi zinasagwa. Nenda mahali wazi, kata usukani hadi mwisho, endesha polepole. Ukisikia ta-ta-ta-ta, sivi ya nje imekwisha. Lakini ukiuona mpira umepasuka na mlio bado, una bahati: fungua, safisha, tia grisi mpya na mpira mpya, na jointi ile ile itakutumikia miaka. Gharama ya mpira haikaribii kabisa bei ya jointi nzima. Kila ukibadilisha oili mwambie fundi aikague mipira yote minne, ya nje na ya ndani.

Mwenye gari la kusukuma nyuma ana mambo yake: krosi, bearingi ya katikati ya propela, oili ya difu ambayo watu husahau kwamba ipo. Ukihamisha gia kutoka rivasi kwenda mbele ukasikia "kong" chini ya sakafu, anza na krosi.

Mvua. Tone la kwanza baada ya kiangazi, vumbi na oili vilivyolala kwenye lami hugeuka utelezi. La kuvuta mbele likizidiwa kwenye kona, pua hukataa kugeuka na gari huenda upande wa nje. Dereva huogopa, huachia mafuta, na mara nyingi pua hurudi. La kusukuma nyuma mkia ndio unaotoka, na kuurudisha kunahitaji mkono uliozoea. Toyota Mark X nyingi zilizoingia bandarini, nazo ni za kusukuma nyuma, zina mfumo wa kuzuia kuteleza. Taa yake ikiwaka na kubaki dashibodi, usiizoee.

Na hapa nina ugomvi wa siku nyingi na wateja. Ukinunua tairi mbili mpya, zifunge nyuma, hata kama gari linavuta mbele. Najua za mbele ndizo zinazoisha haraka, kwa sababu zinavuta, zinakata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki. Lakini tairi kipara zikiwa nyuma, mkia unaweza kukupita kwenye maji, na dereva wa kawaida hawezi kuurudisha. Zilizobaki mbele zikiwa zimekwisha kabisa, nunua nne.

Jambo la mwisho ni kuvutwa. Otomatiki ya kuvuta mbele ikiharibika, inyanyuliwe magurudumu ya mbele. Ya kusukuma nyuma inyanyuliwe ya nyuma, au propela ifunguliwe. Ukiburuta otomatiki injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayoendesha yako chini, pampu ya oili ya giaboksi haifanyi kazi, na vyuma vinasagana vikavu. Kama hujui gari lako ni la aina gani, dai lipakiwe lote juu ya lori.

Mama wa Likoni hakuuza gari lake. Siku za mzigo mkubwa anakodi TownAce ya jirani. Siku nyingine anapakia kiasi, mifuko mizito ikiwa nyuma tu ya kiti chake, na kabla ya kutoka Kongowea ananiuliza kwa simu kama maji yamejaa.