Chuma kimo, lakini je, kinapatikana?

“Chuma kinapatikana kwa wingi kwenye udongo huu, kwa hiyo njano ya majani haya haiwezi kuwa ya ukosefu wa chuma.” Nimeisikia hoja hii mara nyingi mno, na kila mara inakwama kwenye neno lile lile: kinapatikana.

Upatikanaji wa virutubisho vidogo, vile ambavyo mmea huvihitaji kwa kiasi kidogo tu, ni ile sehemu ya chuma, zinki, manganizi, shaba, boroni na wenzao ambayo mzizi unaweza kuifyonza. Jumla ya kilichomo udongoni ni jambo jingine kabisa.

Mkanganyiko unaanzia kwenye Kiswahili chenyewe. Kupatikana kumetokana na kupata, kukaongezwa -ik-, kiambishi cha uwezekano tunachokisikia katika kulika na kusomeka, kisha -an-, kama katika kuonekana na kujulikana. Kwa asili yake, kinachopatikana ni kile kinachoweza kupatwa na anayekihitaji. Ila tumelilegeza neno: tunasema samaki hupatikana baharini, tukimaanisha tu kwamba wamo. Kwa samaki hakuna madhara. Kwa mmea yapo.

Chuma ni takriban asilimia 5 ya uzito wa ganda la dunia. Ni nadra mno shamba kukikosa. Lakini kwenye udongo wenye hewa ya kutosha, pH (kipimo cha tindikali; kadiri inavyopanda, tindikali hupungua) ikipanda kwa 1 tu, ioni huru, yaani chembe zilizoyeyuka, za chuma cha aina ya kutu hupungua kama mara 1,000 katika maji ya udongo. Penye chokaa nyingi, pH ikiwa 8, chuma kimejaa na mmea una njaa: majani machanga yanageuka njano, mishipa ikibaki kijani. Mahindi na jamii yote ya nyasi hutoa mizizini kemikali za kukinasa chuma na kukivuta. Mimea mingine mingi huutia tindikali udongo unaoigusa mizizi yake. Kazi yote hiyo ingekuwa ya nini kama kuwamo kungetosha? Zinki, shaba na manganizi nazo hufungika pH ikipanda. Molibdeni, kirutubisho kidogo kingine, ni kinyume, hufunguka, na ndiyo maana chokaa ile ile huweza kumaliza njaa moja na kuanzisha nyingine.

Kwa hiyo ukizungumzia udongo, sema chuma kimo. Kinapatikana, tuuachie mzizi.