Gego lililokwama kwa mtoto: maana yake na matibabu yake

Meno ya mbele ya mtoto hulegea, hung'oka, kisha mapya huota palepale, na nyumbani kila mtu anajua. Magego ya ukubwani hayaji hivyo. La kwanza huota nyuma ya magego ya utotoni, mtoto akiwa na miaka 6 hivi. La pili hufuata nyuma yake karibu na miaka 12. Hakuna jino linalong'oka kulipisha, kwa hiyo lisipotokea hakuna anayeshtuka.

Gego lililokwama ni lile ambalo muda wake wa kuota umepita, nalo bado limo ndani ya mfupa au chini ya ufizi kwa kuwa njia yake imezibwa. Mara nyingi ni nafasi finyu: gego la pili la chini huinama kuelekea mbele, likanasa chini ya ubavu wa jirani yake. Huko chakula hujikusanya, na jino la jirani, lililokuwa halina kasoro, huanza kuoza.

Wengi wakisikia "upasuaji" hudhani ni kung'oa. Kwa mtoto, naona hilo liwe la mwisho kufikiriwa. Baada ya picha ya eksirei, daktari hutia ganzi, hupasua ufizi, huondoa mfupa kidogo unaolifunika jino, kisha huliacha wazi liote lenyewe au hulibandika kipande cha chuma livutwe taratibu kwa waya. Pengine huliinua kwa kifaa siku hiyohiyo, na chipukizi la gego la mwisho likibana kwa nyuma, huenda likaondolewa.

Muda ndio wenye uzito. Kwa gego la pili, kipindi kizuri huwa kati ya miaka 11 na 14, mizizi ikiwa imefikia kama theluthi mbili ya urefu wake. Ncha zake bado ziko wazi, damu inapita, na jino huweza kusogezwa likabaki hai. Mizizi ikishakomaa, kuliinua huweza kuukata mshipa wake au kuivunja mizizi yenyewe.

Kuna magego ambayo hayakuzibwa na kitu, bali yamegandamana na mfupa. Hayo ukiyavuta kwa waya hayasogei. Yanayozama ufizini ni majirani yake yaliyofungwa waya huo.

Mzazi, mwambie mtoto aachame umhesabie. Gego la upande mmoja likiwa limetoka, na miezi 6 ikapita mwenzake hajaonekana, mpeleke akapigwe picha.