Si meno yanayomharisha mtoto

Wiki iliyopita nilifungua faili la mtoto wa miezi 8, nikakuta mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili ameandika: "Anaharisha siku 3, anaota meno." Mwandiko mzuri kabisa, na sahihi ameweka. Kwa bibi wa mtoto maneno hayo nimeyazoea. Lakini yakiandikwa na mtu aliyevaa sare, hapo uvumilivu wangu unakwisha.

Meno hayaharishi. Jino likitoka, fizi huvimba kidogo, udenda hutiririka, mtoto husumbua usiku na kutafuna kila kitu. Basi. Choo cha maji mara 6 kwa siku hakitoki kwenye fizi, kinatoka kwenye utumbo ulioingiwa na vijidudu, na mara nyingi ni virusi vya rota au bakteria. Kinachowachanganya watu ni kwamba mambo yanakutana. Kuanzia miezi 6 kinga aliyopewa na mama tumboni imepungua, uji umeanza, mtoto anatambaa, na anachookota sakafuni, hata iwe kandambili ya baba yake, kinaishia mdomoni. Umri huohuo meno yanachomoza. Jino linaonekana, kirusi hakionekani, basi kesi anaangushiwa jino.

Mama anayeamini ni meno hana haraka. Anakuja siku ya 4, mtoto macho yamezama, analia bila machozi, ukifinya ngozi ya tumbo inachukua muda kurudi. Na huyo ana nafuu. Wapo wanaompeleka kwanza kwa fundi wa mtaani kung'oa "meno ya plastiki". Kile kivimbe cheupe wanachoonyeshwa kwenye fizi ni chonge linalojiandaa kutoka, jino halali kabisa. Linachokolewa kwa msumari au spoku ya baiskeli, bila ganzi. Nimepokea mtoto wa namna hiyo: pamba imelowa damu mdomoni, homa kali, viganja vyeupe kwa kupungukiwa damu. Na kuharisha? Kulikuwa palepale. Kwa hiyo, wanafunzi wangu, mtoto anayeharisha mfungueni mdomo, mtazame fizi. Hakuna fomu itakayowakumbusha hilo.

Halafu ukishamweleza mama habari ya ORS, ule unga wa pakiti wa chumvi na sukari unaokorogwa na maji, anakujibu: "Sista, nikimpa tu, yanatoka yaleyale." Msimbishie, anachokiona ni kweli. ORS haifungi choo, na wanafunzi wanaomwahidi mama kwamba itafunga ndio wanaomfanya aiache kesho yake. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi mwilini. Chumvi na glukosi hupita pamoja kwenye ukuta wa utumbo, maji yanafuata nyuma yake, na njia hiyo hubaki wazi hata wakati utumbo unaharisha. Maji matupu hayafanyi hivyo, na soda ndiyo kabisa, sukari yake nyingi inavuta maji kuyaleta kwenye utumbo. Mwaka 1971, kipindupindu kilipowashika wakimbizi wa Bangladesh huko Bongaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Akachanganya chumvi na glukosi kwenye mapipa, ndugu wa wagonjwa wakawa wanachota na kuwanywesha wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Wanywesha dawa walikuwa mama na shangazi wa watu, si wataalamu.

Shida yetu siku hizi ni chupa. Pakiti 1 ni ya lita 1 ya maji safi. Mama anaikorogea kwenye chupa ya soda ya mililita 350, inakuwa chumvi tupu, mtoto anaikataa, na akiinywa chumvi inampanda kwenye damu. Mwingine anagawa pakiti nusu kwa nusu ili ifike kesho. Usimwulize "umeelewa?" maana atakuitikia ndiyo kwa heshima tu. Mwambie akorogee mbele yako, kwa chombo atakachotumia nyumbani. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, aliyezidi hapo 100 hadi 200, kwa kijiko au kwa kikombe kidogo kidogo. Akitapika, ngojeni dakika 10 halafu muendelee polepole. Ziwa la mama lisikatwe. ORS iliyokorogwa haivuki saa 24. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, 10 kwa wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14 hata kama choo kimeshika siku ya 3, maana inampunguzia uwezekano wa kuharisha tena miezi 2 au 3 inayofuata.

Metronidazoli, antibiotiki ya kununua duka la dawa, kwa kila kuharisha? Hapana. Virusi haviisikii. Choo chenye damu ni habari nyingine, huyo mleteni kwa daktari.

Lingine ninalolisikia kwenu ni la ALu, dawa ya malaria: "Kipimo cha malaria kimekosea, tumpe tu ALu." MRDT, hicho kipimo cha haraka cha malaria, ikisoma hasi na mtoto ana homa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, angalia masikio, koo, shingo kama imekakamaa, pima mkojo. Ukimpa ALu umejifumba macho, nimonia inaendelea kifuani.

Degedege si ndege wala pepo, na moshi wa kinyesi cha tembo hauipunguzi hata kidogo. Mlaze mtoto ubavu, legeza nguo, angalia saa, kisha pima sukari na malaria. Kijiko mdomoni, kamwe. Ninacho kimoja kwenye droo yangu, cha bati, kimepinda shingo. Mtoto aliyewekewa alikuja na jino moja pungufu.

Alhamisi kila mmoja aje wodini na chupa tupu ya lita 1, imeoshwa, na kifuniko chake. Asiye na chupa asije na chupa ya soda.