Mashine ya Nyasi Haifi kwa Uzee

Kwenye nyumba kubwa za Milimani, iwe ni Kisumu au Nakuru, kwenye stoo za shule kongwe za Kakamega na kwenye mashamba ya Njoro, hukosi mashine ya kukata nyasi iliyofunikwa gunia. Mara nyingi ina injini ya Briggs & Stratton, ile ya valvu za ubavuni mwa silinda badala ya juu yake; mara chache ni Villiers kutoka Uingereza. Ukiuliza utaambiwa imekufa. Ukiuliza ilikufaje, utasikia maneno yale yale kutoka Bungoma hadi Nakuru, na mengi si kweli.

“Hiyo ni plagi.” Hili husemwa kwanza kwa sababu plagi iko mahali pa wazi na duka la spea haliko mbali. Plagi mpya ikiwekwa na mashine ikakataa, hukumu inatolewa: injini imekwisha. Lakini kazi ya plagi hapa ni kukuonyesha kama umeme unafika. Ifungue, irudishie waya wake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu ilimotoka, maana mvuke wa petroli hutokea hapo, kisha vuta kamba ukiwa kivulini. Cheche nzuri ni ya buluu na mlio wake unasikika. Ikikosekana hata kwa plagi mpya, acha kununua plagi, fungua flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku linalozungushwa na kamba.

Chini yake, kwenye injini za zamani, ndiko kuna pointi: vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana injini inapozunguka. Mashine ikilala muda mrefu, hasa kwenye unyevu wa Kisumu, pointi hufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo unatosha kuzuia umeme. Hapa ndipo injini nyingi “zilizokufa” huwa zimelala. Fundi mwenye haraka huzisugua kwa msasa mkali, zinawaka siku hiyo, kisha baada ya wiki mbili anaitwa tena, kwa sababu punje za msasa hubaki katikati na nyuso zimekwaruzwa. Pitisha tupa laini sana mara moja tu kama kuna vishimo, halafu chovya karatasi safi kwenye thina, ibane kati ya pointi, ivute, urudie mpaka itoke bila alama. Zikifunguka kabisa, pengo lake kwa Briggs nyingi ni nusu milimita. Koili, ule waya uliosokotwa unaozalisha umeme wa cheche, nayo isikae mbali na sumaku ya flaiwili: kadi nyembamba ya mwaliko ikipita katikati kwa kubanwa kidogo, uko karibu sana na kipimo. Pointi zikiendelea kuungua na kuwa nyeusi haraka, mshuku kondensa, kile kijikopo kidogo kilichoungwa na pointi.

Ukiwa bado hapo chini, angalia kii ya flaiwili. Moa, yaani mashine yenyewe ya nyasi, ikigonga jiwe au mzizi wa mti, kile kichuma kidogo kinachoshika flaiwili kwenye shafti hukatika nusu. Sumaku huhama kidogo, cheche hufika dhaifu au wakati usiofaa, kamba inarudi kwa nguvu na kukung’ata vidole, na mwenye mashine anaenda kununua kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nimeona kii iliyotengenezwa kwa msumari wa inchi nne uliopigwa tupa. Ilikaa vizuri, na ndiyo ubaya wake. Kii ya Briggs ni ya chuma laini kwa makusudi, ili ikatike yenyewe kabla ya mambo makubwa kuharibika. Ukiweka msumari, jiwe lijalo litatafuta kitu kingine cha kuvunja, na kinaweza kuwa shafti.

“Kamba ni laini, ringi zimekwisha.” Si lazima ringi, zile pete za pistoni zinazozuia mgandamizo usivuje, ziwe na kosa. Injini nyingi za Briggs zimetengenezwa makusudi ziachie mgandamizo kidogo unapovuta kamba polepole, ili mkono usiumie. Kwa hiyo kupima kwa kuvuta kamba kunadanganya. Toa waya wa plagi, acha plagi mahali pake, ondoa kifuniko cha juu, kisha zungusha flaiwili kwa mkono kinyumenyume kwa nguvu. Injini isiyo na ubovu itaidundisha irudi. Isipodunda, anza na valvu kabla ya ringi: kwenye injini ya valvu za ubavuni, kichwa hutoka kwa boliti chache tu, na mara nyingi utakuta valvu imekwama au masizi yameizuia isifunge. Gharama yake ni gasketi na asubuhi moja.

Moshi wa buluu nao husingizia ringi bure. Kabla ya kufungua chochote, uliza kama mashine ililazwa ubavu ili kisu kinolewe. Ikilazwa upande wa kabureta, oili inaingia kwenye chujio la hewa na kwenye silinda, na siku inayofuata jirani wote wanajua unakata nyasi. Ilazwe kabureta ikiwa juu. Kujaza oili kupita alama huleta moshi ule ule.

Kuhusu petroli, maneno ni mengi kuliko petroli yenyewe. Wazee wengine husema injini hizi zilikufa siku madini ya risasi yalipoondolewa kwenye mafuta. Mgandamizo wa injini hizi ni mdogo, na nyingi zimeendelea kukata nyasi kwa Super ya kawaida bila shida. Ile ya bei ya juu haiziongezei nguvu yoyote. Kinachoziumiza ni petroli iliyolala. Ikikaa miezi kwenye tenki, sehemu nyepesi inayowaka haraka hupaa, na kinachobaki hugeuka gundi kwenye vijitundu vya kabureta. Kinachoziumiza kingine ni mafuta ya taa yaliyochanganywa humo. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua biashara hiyo, lakini petroli ya chupa kando ya barabara bado uichukue kwa shaka. Vijitundu usivichokore kwa sindano ya chuma, vitapanuka. Uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa stima unatosha. Kama kabureta imekaa juu ya tenki, tafuta pia kile kiwambo chembamba ndani yake. Kikikauka, petroli haipandi, hata usafishe mpaka kesho.

“Mashine ndogo zote huchanganyiwa oili.” Hapana. Kama kuna kifuniko cha kujazia oili chini ya injini, petroli iende safi. Villiers ya mipigo miwili ndiyo huchanganyiwa, nyingi za zamani kwa sehemu 16 za petroli kwa 1 ya oili, na ukiisahau, pistoni hushika.

Kuna fundi atakayekuambia avute springi ya gavana, kifaa kinachozuia injini isizidi kasi, ili moa “ipate nguvu”. Mkatalie. Injini hizi kwa kawaida hazitakiwi kupita mizunguko 3,600 kwa dakika. Ndani hakuna pampu ya oili kwenye nyingi, kuna kijiko tu kinachorusha oili juu, na mkono wa pistoni ni wa alumini. Ukivuka kasi hiyo, mkono hukatika na kutoboa bloku. Kisu nacho kikipasuka kwa kasi hiyo hakichagui mguu wa nani. Kwa sababu ya kijiko hicho hicho, mteremko mkali wa Vihiga haufai: ukizidi digrii 15, oili hukimbilia upande mmoja na kijiko kinapiga hewa.

Na kuna lile la mashine iliyokuwa nzuri Kisumu “ikarogwa” Nakuru. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850. Hewa ya Nakuru ni nyepesi zaidi, kwa hiyo petroli ile ile inakuwa nyingi mno kwa hewa iliyopo: plagi inakuwa nyeusi, moshi mweusi unatoka, nguvu inapungua. Sehemu ya nguvu hairudi hata ufanye nini, lakini moshi unaondoka. Kabureta nyingi za zamani zina skrubu ya mafuta. Ifunge taratibu mpaka ifike mwisho bila kuikaza, ifungue mzunguko mmoja na nusu, washa injini ipate moto, kisha ifunge kidogo kidogo mpaka mlio unyooke. Mashine ikirudishwa Kisumu, skrubu hiyo ifunguliwe tena, maana ikiachwa kwa kipimo cha Nakuru, injini itakunywa hewa nyingi na kuchemka.