Mockingjay inawaudhi wengi, mimi naitetea

Kazi yangu ni kuhariri riwaya za vijana, hasa hizi za serikali katili na watoto wanaojikuta wameshika silaha, na kila mwandishi anayekuja kwangu akitaka kufunga mfululizo wake lazima tuiongelee Mockingjay ya Suzanne Collins. Ilitoka Agosti 2010, ya tatu baada ya The Hunger Games (2008) na Catching Fire (2009), mfululizo wa nchi ya Panem ambako watoto wanachaguliwa kwa kura waingie uwanjani kuuana mpaka abaki mmoja, na mpaka leo kuna watu hawajaisamehe. Kama bado hujaisoma ishia hapa kwanza maana nasema kila kitu.

Lawama ni zilezile, eti Katniss, yule msichana shujaa wa stori, amepooza, mara yuko hospitali mara kajificha kabatini, mapigano makubwa yanapita yeye hayupo, halafu mdogo wake Prim anakufa kwa sentensi chache tu. Ni kweli, yote yamo. Ila ndo mpango wenyewe wa kitabu.

Anza na msimulizi. Vitabu vyote vitatu anasimulia Katniss mwenyewe, na kwa wakati uliopo, yaani yeye hajui kesho na wewe hujui kitu ambacho yeye hajakiona. Uwanjani hiyo inafanya kazi vizuri sana sababu kila kitu kinampata yeye. Vita ni habari nyingine, inaendeshwa na watu wako vyumbani na ramani zao, na Wilaya ya 13, ngome ya waasi, inamtaka Katniss kwa ajili ya kamera, wampambe, wamrekodi video za kuwapa waasi moyo. Collins angeweza kuongeza msimulizi wa pili atuonyeshe huko ndani. Veronica Roth alifanya hivyo kwenye Allegiant (2013), kitabu cha tatu cha mfululizo wa Divergent, vitabu viwili vya mwanzo anaongea Tris peke yake, cha tatu Tobias mpenzi wake naye anapewa sura zake, na msomaji mwenye jicho akishaona hivyo anaanza kumhofia Tris mapema, na kweli anakufa. Collins akabaki na sauti moja, ndo maana tunazimia na Katniss, tunazinduka naye, tunaambiwa vita imekwisha. Inaudhi, najua. Lakini mtu anayetumiwa na wakubwa vitani anaiona vita hivyohivyo, vipande vipande.

Haya, Prim. Stori nzima imeanza kwa sababu jina la Prim limetoka kwenye kura na dada yake akajitolea kwenda badala yake. Ukimuua kwenye kitabu cha tatu unafuta sababu ya kitabu cha kwanza, na huwezi kufanya hivyo kama hujaandaa njia. Collins kaandaa. Mapema tu, huko Wilaya ya 13, Gale, rafiki wa Katniss wa kuwinda naye, na Beetee, fundi wa vifaa, wanabuni mitego kwa mbinu za uwindaji, ikiwemo ule wa bomu linalipuka, watu wanakimbilia kuokoa majeruhi, ndipo linalipuka la pili. Mazungumzo mafupi, Katniss anashtuka, stori inasonga. Kisha mbele ya jumba la Rais Snow vinashuka viparachuti vya rangi ya fedha katikati ya watoto, na watoto wananyoosha mikono kuvidaka, sababu Panem nzima inajua viparachuti hivyo ni zawadi, ndivyo wafadhili walivyokuwa wanawatumia washiriki dawa na chakula uwanjani. Vinalipuka. Wahudumu wa afya wa waasi wanakimbilia pale, Prim akiwemo, vilivyobaki navyo vinalipuka. Zawadi ya kitabu cha kwanza na mtego wa Gale vimekutana hapo hapo, sasa hotuba ya kuagana ingetoka wapi? Ingeharibu kila kitu.

Baada ya hapo hata swali la mfululizo linageuka. Tulikuwa tunauliza Snow ataanguka lini, sasa kaanguka, na Coin kiongozi wa waasi anawaita washindi waliobaki hai wapige kura kama watoto wa Capitol, mji mkuu uliokuwa wa Snow, nao waingizwe uwanjani, mara moja ya mwisho. Peeta, Annie na Beetee wanakataa, Johanna na Enobaria wanakubali, Katniss naye anakubali kwa jina la Prim, Haymitch anamfuata. Siku ya kumuua Snow, mshale wa Katniss unampiga Coin. Wasomaji wanabishana mpaka kesho kama ile kura aliimaanisha au alikuwa anamtuliza Coin tu, na hii kwangu ndo sehemu bora kuliko zote, kwamba msimulizi aliyetupa kila wazo lake kwa vitabu vitatu ananyamaza kwenye wazo moja, lile zito kuliko yote.

Epilogi, ile sehemu fupi ya kufungia, pia wanaipiga vita, mi nisingeigusa. Sura ya kwanza kabisa ya mfululizo Katniss anasema hataki kuzaa, na huku mwisho imemchukua kama miaka 15 kukubali, na hata alipokubali alikuwa na hofu. Huyo ni yuleyule Katniss.

Ninapoilaumu mimi ni kwa Gale. Wanaonana kabla ya siku ya mshale, anaulizwa kama lile bomu lilikuwa lake, hajui, na baada ya hapo tunasikia tu yuko Wilaya ya 2, kapata kazi ya maana, anaonekana kwenye TV. Sawa, Katniss hawezi kumtazama tena, hilo naelewa. Ila yule mtego ni wake, na kitabu kinamwachia aondoke nao bila kumbana. Mswada huo ungepita mezani kwangu ningeomba kurasa mbili zaidi pale wanapoonana, na nisingeomba kitu kingine.