Bingwa wa vijana alivyopatikana: dhana potofu na ukweli kuhusu mchujo wa awali wa mpira wa kikapu Kanada

Matokeo ya zamani ya ubingwa wa vijana wa kiume katika mpira wa kikapu nchini Kanada, hasa yale ya miaka ya 1920 na 1930, husomwa leo na watu waliozoea mashindano yanayokusanya timu zote katika jiji moja, yakaanza Jumatatu na kumalizika Jumapili kwa kombe kuinuliwa. Msomaji wa namna hiyo huona alama ndogo mno, timu za miji asiyoijua, na bingwa aliyefungwa mchezo wa kwanza, naye hukimbilia kuhitimisha kwamba mashindano yalikuwa ya kubahatisha. Hayakuwa ya kubahatisha. Yaliendeshwa kwa hesabu kali, ila hesabu yenyewe ilikuwa ya reli, nauli na kalenda kabla ya kuwa ya mpira.

Kwamba Kanada iliupokea mchezo huu kwa kuchelewa

Dhana hii hutokana na kuutazama mpira wa kikapu kama mali ya Marekani peke yake. Ni kweli kwamba mchezo ulizaliwa Springfield, katika jimbo la Massachusetts, Desemba 1891, lakini aliyeubuni, James Naismith, alizaliwa Almonte, Ontario, mwaka 1861 na kusoma Chuo Kikuu cha McGill kabla ya kwenda huko kufundisha. Darasa lake la wanafunzi 18, lililogawanywa katika pande mbili za watu tisa tisa, lilikuwa na Wakanada kadhaa, na hao waliporudi kwao au kupelekwa kazini kwenye vituo vya YMCA, yaani Chama cha Vijana wa Kikristo, walikwenda na kanuni 13 za mwalimu wao. Mmoja wao, Lyman Archibald, aliupeleka mchezo St. Stephen, mji mdogo wa New Brunswick ulio mpakani kabisa na Marekani, ambako uwanja wa mwaka 1893 unatajwa na wenyeji kuwa wa kale kuliko yote iliyosalia duniani. Vijana waliowania ubingwa wa taifa katika miaka ya 1920 walikuwa wamezaliwa mchezo ukiwa tayari umekaa nchini mwao miaka kumi au zaidi.

Kwamba “vijana” ni wanafunzi, au wachezaji walioshindwa kuingia timu za wakubwa

Michezo ya ridhaa ya Kanada ilikuwa na madaraja mengi kuliko tunavyodhani. Daraja la vijana lilipimwa kwa umri. Daraja la kati, ambalo jina lake huwafanya wengi waamini kuwa ni la wenye umri kati ya vijana na wakubwa, lilihusu zaidi uwezo wa timu na ukubwa wa mji wake, hata mtu mzima mwenye mke na watoto aliweza kucheza humo. Kwa hiyo timu ya vijana haikuwa ngazi ya chini ya timu ya kati, na wala haikulazimika kuwa ya shule: vilikuwapo vilabu vya YMCA, vya makanisa, na vya miji iliyojivunia ukumbi wake mmoja. Mfano mzuri wa mji wa aina hiyo ni Raymond, kusini mwa Alberta, ulioanzishwa mwaka 1901 na walowezi Wamormoni kutoka Utah. Mji huo haukuwa na utajiri wa kutajwa, lakini ulijijengea jina katika mpira wa kikapu kupitia timu yake ya Union Jacks, kwa sababu kanisa na mchezo vilikaa karibu na kila mtoto wa kiume alikulia pembeni ya kikapu.

Kwamba fainali ilikuwa kilele cha mashindano yaliyokusanya majimbo yote

Hapa ndipo makosa mengi huanzia, na hapa inafaa kukaa kidogo.

Chama cha taifa cha mpira wa kikapu wa ridhaa kiliundwa mwaka 1923. Kilirithi nchi ambayo safari ya treni kutoka Vancouver hadi Toronto huzidi kilomita 4,000, ikipita milima ya Rocky, mbuga za nafaka, kisha misitu na miamba ya kaskazini mwa Ziwa Superior. Timu ya Victoria ilikuwa na mzigo zaidi, maana mji huo uko kisiwani na safari yake ilianzia kwenye meli. Hakuna klabu ya vijana wasiolipwa ambayo ingemudu kukaa njiani siku kadhaa kwenda, siku kadhaa kurudi, ili icheze mchezo mmoja na kutolewa.

Ndiyo maana mchujo ulifuata njia ya reli. Kila jimbo lilimpata bingwa wake kwanza. Kisha, kwa kawaida, bingwa wa British Columbia alikutana na wa Alberta kwa kuwa walipakana, mshindi akasonga kuelekea Saskatchewan na Manitoba, na upande wa pili majimbo ya pwani ya Atlantiki yakamalizana kabla ya kukabiliana na Quebec na Ontario. Mwisho wa yote walibaki wawili tu, bingwa wa Magharibi na bingwa wa Mashariki. Neno “fainali” katika habari za zamani, kwa hiyo, laweza kuwa fainali ya jimbo, ya kanda, ya nusu ya nchi, au ya taifa zima, na asiyeangalia tarehe atampa ubingwa wa Kanada mtu aliyetwaa Alberta tu. Ile ya taifa iliitwa mara nyingi fainali ya “Dominion”, neno la zama za Milki ya Uingereza lililomaanisha Kanada yenyewe. Nimeona watu wakilichukulia kuwa ni jina la mdhamini.

Nauli hiyo hiyo hueleza jambo la pili linalowashangaza wasomaji wa leo: mfululizo mzima wa michezo kuchezwa katika mji mmoja. Aliyezoea utaratibu wa nyumbani na ugenini huona hapo upendeleo, na kwa kweli wenyeji walinufaika, kwani wageni walishuka kwenye treni wakiwa wamechoka na kuingia ukumbi wasioujua, mbele ya umati usiowapenda. Lakini kusafirisha timu zote mbili kuvuka bara zima kwa ajili ya mchezo wa marudiano kungekula viingilio vyote vya milangoni, navyo ndivyo vilivyotegemewa kulipia safari.

Kwamba kila timu ikishinda mchezo mmoja, hakuna mshindi

Mara nyingi zilichezwa mechi mbili na pointi kujumlishwa. Mfano ulio wazi zaidi unatoka upande wa wanawake, nao ni wa mwaka 1922. Wasichana wa Edmonton Commercial Grads, timu ya Alberta, upande wa Magharibi, waliofundishwa na J. Percy Page, walikwenda London, Ontario, kupambana na London Shamrocks. Mashariki ilicheza kwa kanuni za wasichana, wachezaji sita kila upande. Edmonton ilizoea kanuni za wavulana, wachezaji watano. Ikakubaliwa kila mchezo uwe na kanuni zake. Grads walifungwa wa kwanza 21 kwa 8, wakashinda wa pili 41 kwa 8, na jumla ya 49 kwa 29 ikawapa ubingwa. Hakuna aliyesema wametoka sare.

Utaratibu huo ulibadilisha hata namna ya kucheza. Timu iliyokuwa nyuma kwa pointi nyingi katika mchezo wa kwanza haikulenga kupunguza aibu tu, ilipigania kila pointi ya dakika za mwisho, kwa kuwa pointi hiyo iliwangoja katika hesabu ya mchezo wa pili. Ukiona matokeo ya kufungwa kwa tofauti ndogo, usidhani timu iliridhika kushindwa. Huenda ilikuwa imelinda kilichohitajika.

Kwamba alama ndogo ni dalili ya uchezaji duni

Kabla ya msimu wa 1937/38, kila kikapu kilipofungwa mwamuzi aliurudisha mpira katikati ya uwanja na kuurusha juu, na warefu wawili wakaurukia. Muda uliokwenda hapo haukurudi. Saa ya kulazimisha timu kurusha mpira haikuwapo. NBA yenyewe, ligi ya kulipwa ya Marekani, iliianza mwaka 1954. Timu iliyotangulia iliweza kuushika mpira, kuuzungusha na kupasiana hadi wapinzani watoke kuufuata, na watazamaji waliouelewa mchezo waliona huo kuwa ustadi.

Hata kilele cha mchezo wa Kanada cha wakati huo kina alama za kuchekesha. Katika fainali ya Olimpiki ya Berlin, Agosti 1936, Kanada ilifungwa na Marekani 19 kwa 8. Mchezo ulichezwa nje, kwenye viwanja vya tenisi, chini ya mvua, na mpira ulipodundwa ulikwama topeni. Kiini cha timu ya Kanada kilikuwa Windsor Ford V-8s, mabingwa wa nchi, wakiongezewa wachezaji kutoka Victoria Dominoes, timu ya upande wa pili kabisa wa bara. Medali ile ya fedha ndiyo ya pekee ambayo Kanada imewahi kupata katika mpira wa kikapu wa Olimpiki.

Kwamba ramani ya wakati ule ni hii ya leo

Newfoundland haikuwa Kanada hadi mwaka 1949, kwa hiyo kutokuwapo kwake katika mchujo si uzembe. Miji ya Port Arthur na Fort William, huko Ontario, haionekani tena kwa sababu iliungana kuwa Thunder Bay mwaka 1970.

Kwamba vijana hawa walikuwa njiani kwenda kulipwa

Kijana wa 1930 hakuwa na ligi ya kulipwa nchini mwake ya kuiota. Ridhaa ilisimamiwa kwa ukali, na aliyepokea pesa kwa mchezo mmoja aliweza kupoteza kadi yake ya mchezaji wa ridhaa katika michezo mingine yote. Ligi iliyokuja kuwa NBA ilianza Novemba 1, 1946, na mchezo wake wa kwanza kabisa ulichezwa Toronto, New York Knicks wakiifunga Toronto Huskies 68 kwa 66. Huskies walikuwa na Wakanada wawili, Hank Biasatti na Gino Sovran, wote waliokulia Windsor. Kila mmoja alicheza mechi sita. Biasatti alienda kwenye besiboli, Sovran akageukia uhandisi, na Huskies wenyewe hawakufika msimu wa pili.